Dhiraa Sita

Walinipa orodha kabla hawajanipa ufunguo:
utoke mtungi wa gesi, litoke dumu la maji,
itoke kalenda ya duka la nguo, feni, ndala,
kanga ya Bi Ruzuna ishuke kambani.
Wakaleta mito ya rangi ya udongo
na sinia la shaba lisilowahi kupakuliwa wali.

Nyumba iko Kajificheni.
Mtaa umekwambia jina lake mapema,
nami nimekuja na taa mbili na miguu mitatu ya chuma
kuifichua.

Nilianza ukumbini. Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagota,
ukuta ukanipaka chokaa begani
kama mtu anayekupapasa akuulize: wewe wa nani?
Bado chumba hakiingii.
Fundi Pandu, aliyekuwa uani akikoroga chokaa, akacheka.
"Unasukumana na mkoko," akasema.
"Boriti ndiyo iliyoichora nyumba hii.
Mkoko hunyooka dhiraa sita, ukijitahidi saba,
kisha hupinda, na mtu wa kale hakubishana nao.
Akitaka ukubwa alijenga kwenda mbele,
au alijenga kwenda juu. Upana
aliuacha huko huko matopeni."

Nikavaa lenzi pana.
Loo! Kuta zikasogea kama watu wa safu msikitini
wanaomfinyia nafasi mchelewaji.
Kitanda cha samadari kikawa uwanja,
dhiraa sita zikawa kumi na mbili,
na mimi, niliyefunzwa kuwa picha haisemi uongo,
nikabonyeza.

Saa sita na robo jua lilishuka uani.
Lina dakika kumi na moja tu humu, Pandu ameshalizoea:
huanza kwenye ukingo wa birika,
hupanda ngazi moja moja kwa adabu,
huingia kidaka cha tatu
penye miwani ya marehemu na chetezo kilichopasuka
(orodha ilisema vitoke, nilijisahaulisha),
kisha huondoka bila kuaga.
Katika dakika hizo ukuta si mweupe.
Una manjano ya samli, una buluu ya moshi,
una nyayo za vidole vya yule aliyeupiga lipu
kwa kiganja, si kwa mwiko,
mwaka ambao hakuna aliyeuandika.
Hapo niliivua lenzi ile, nikavaa ya kawaida.
Nikachukua kipande tu: pembe, boriti mbili tatu, kidaka,
na mkono wa Bi Ruzuna uliojipitisha bila ruhusa
kufuta vumbi lisilokuwepo.

Hiyo hawakuitaka.
"Kuna mkono," waliniandikia.

Jarida lilipotoka nilimpelekea. Karatasi ya kung'aa;
akaifuta kwa upindo wa kanga, akaisogeza dirishani.
Alitazama hata uji jikoni ukachemka, ukamwagika.
"Mashaallah. Nyumba ya nani hii, mwanangu?
Hewa tele. Hebu waulize kama wanapangisha,
maana hapa kwangu pamenibana."

Sikujua nicheke au niombe radhi.
Nikatoa mkobani ile nyingine, iliyokataliwa,
niliyoichapisha kwa pesa yangu.
Akaileta karibu na pua. Kidole chake
kikatembea juu ya kidole chake,
kikapita kidaka, kikafika kwenye miwani
(hapo kikatua kidogo),
kikapanda hadi doa lililo chini ya boriti ya pili
ambalo mimi, kwa siku mbili za kuangalia,
sikuliona.

"Hapo," akasema, "panavuja.
Niitie Pandu."